Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupima Usahihi wa Ramani za Ufuniko wa Ardhi Zitokanazo na Picha za Setilaiti

Maswali haya huulizwa na maafisa misitu, wapangaji wa matumizi ya ardhi, wanafunzi na viongozi wa vijiji ambao wamewekewa mezani ramani yenye rangi nzuri na kutakiwa kuifanyia uamuzi. Mifano mingi imetoka Tanzania, kwa kuwa ndiko tunakoifahamu ardhi kwa miguu, lakini kanuni ni zilezile popote ramani inapotengenezwa.

Ramani ya ufuniko wa ardhi ni ramani ya nini hasa?

Ni ramani inayoonyesha kilichoufunika uso wa ardhi: miti, vichaka, nyasi, mazao, maji, majengo, udongo mtupu. Haielezi ardhi hiyo inatumikaje wala ni ya nani. Nyasi za malisho ya Wamaasai na nyasi za hifadhi ya wanyama huweza kuwa ufuniko mmoja, ingawa matumizi yake ni mbali kabisa. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na sehemu kubwa ya ugomvi kuhusu ramani huanzia hapo kabla hata kosa la kitaalamu halijatafutwa.

Picha imepigwa kutoka angani na haina upendeleo. Kwa nini tena ikaguliwe?

Setilaiti haipigi picha ya "msitu" wala ya "shamba". Inapima mwanga unaoakisiwa na ardhi, ule tunaouona na ule usioonekana kwa macho, kisha programu ya uainishaji hukisia mwanga wa namna hiyo hutoka kwenye kitu gani. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huona vipande vya mita 10 kwa 10, na zile za Landsat za Marekani huona vipande vya mita 30 kwa 30. Kila kipande, yaani pikseli, hupewa jina moja tu, hata kama ndani yake kuna mwembe, kibanda na tuta la mihogo.

Miombo ni mfano mzuri wa ugumu huu. Mwezi Aprili pori limefunga majani na linaonekana kuwa msitu bila ubishi. Mwezi Agosti miti mingi imepukutisha majani, moto umepita chini yake, na pikseli ileile inaonekana kama vichaka au ardhi iliyoungua. Kabla mvua hazijafika, miti huchipua majani mekundu na kuchanganya zaidi. Ufukweni kuna tatizo la maji kujaa na kupwa: mikoko michanga inayoonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa hufunikwa wakati wa bamvua, na picha iliyopigwa saa hiyo itaonyesha maji matupu. Katika hali zote hizi picha ni ya kweli, na kosa liko kwenye tafsiri.

Nimeletewa ramani yenye usahihi wa asilimia 94. Je, niiamini?

Uliza kwanza nukta za uhakiki, yaani mahali palipochaguliwa ili kulinganisha ramani na hali halisi, zilipatikana wapi. Namba ya usahihi haina maana mpaka ujue nukta zilizoizaa zilichaguliwa vipi, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyomo katika maelezo haya.

Mwaka mmoja tulipokea ramani ya wilaya kutoka kwa mshauri ambaye hatutamtaja, yenye asilimia kama hiyo. Tulipoomba faili la nukta, tuligundua kwamba mtengenezaji alikuwa amechora maeneo ya mfano kwenye kompyuta, akaifundisha programu kwa theluthi mbili za pikseli zilizokuwa ndani ya maeneo hayo, kisha akaipima kwa theluthi iliyobaki. Pikseli za kupimia zilikuwa zimepakana na pikseli za kufundishia, ndani ya shamba lilelile na msitu uleule. Ilikuwa sawa na mwalimu kutunga mtihani kwa kunakili maswali ya zoezi la jana. Zaidi ya hayo, maeneo yote ya mfano yalikuwa safi: katikati ya hifadhi, katikati ya shamba kubwa la mkonge, katikati ya ziwa. Hakukuwa na nukta hata moja kwenye shamba lililopumzishwa miaka minne na kuanza kuota miti, ambalo ndilo eneo gumu na ndilo lililotushughulisha. Tulipoikagua upya kwa nukta zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, asilimia ilishuka sana, ingawa ramani haikuwa imebadilika hata pikseli moja.

Nukta zichaguliwe vipi, basi?

Zichaguliwe kwa nasibu, baada ya ramani kukamilika, na zisiwe zimetumika kuifundisha programu. Kila sehemu ya eneo, ikiwemo ile isiyofikika na ile yenye mseto, iwe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Nukta zilizokusanywa kando ya barabara kwa sababu gari linapita huko zitakuelezea barabara. Na kando ya barabara kuna mashamba, vibanda na tanuri za mkaa kuliko kwingineko.

Nasibu tupu ina udhaifu wake, kwa kuwa aina adimu hazipati nukta za kutosha. Mikoko ya Tanzania Bara haifiki asilimia moja ya nchi kavu, hivyo ukirusha nukta 500 nchi nzima huenda ukaambulia chache mno zenye mikoko, ama usipate kabisa. Dawa yake ni kuigawa ramani katika matabaka kwa kufuata aina zake, kisha kuchagua kwa nasibu ndani ya kila tabaka. Ukifanya hivyo ni lazima wakati wa kukokotoa kila tabaka lihesabiwe kwa uzito wa eneo lake. Hatua hiyo husahaulika mara nyingi, na matokeo huharibika kimyakimya.

Jambo jingine la kuepuka ni kuziondoa nukta zilizoangukia mipakani kwa hoja kwamba "hazieleweki". Ukiondoa ukingo wa msitu, utabaki na katikati ya msitu, ambako kila ramani hupatia.

Nukta ngapi zinatosha?

Inategemea unataka uhakika kiasi gani. Kwa wilaya yenye aina tatu kama ile ya mfano wetu hapo chini, ukitaka usahihi wa jumla, yaani sehemu ya eneo lote ambayo ramani imeipatia, ukadiriwe kwa kosa la kawaida (kipimo cha kuyumba kwa kadirio kutokana na sampuli) la asilimia 2, utahitaji nukta zipatazo 480. Desturi ya wengi ni kutopunguza nukta 50 kwa kila aina, nasi twaiona kuwa kiwango cha chini kabisa ambacho hakifai kugeuzwa lengo. Bajeti ikiwa ndogo, ni afadhali nukta 200 zilizochaguliwa kwa haki kuliko 2,000 zilizookotwa njiani.

Je, ni lazima kwenda porini?

Si kila nukta. Nyingi zinaweza kusomwa kwenye picha zenye ubora mkubwa kuliko zile zilizotengeneza ramani, kwa kutumia programu huria kama Collect Earth iliyotengenezwa chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Masharti ni matatu. Picha ya kusomea iwe ya kipindi kilekile cha ramani, kwani picha safi unayoiona kwenye skrini huenda ni ya miaka mitano kabla. Msomaji asiione ramani inasema nini, asije akavutwa na jibu lake. Na kila nukta isomwe na watu wawili bila kushauriana, kisha zile walizotofautiana zijadiliwe na mtu wa tatu. Idadi ya nukta walizotofautiana iandikwe katika ripoti: wataalamu wawili wakishindwa kuafikiana juu ya nukta nyingi, si haki kuidai programu ifanye vizuri kuliko wao.

Hata hivyo kuna nukta zisizosomeka bila kwenda. Chukua mkorosho wa Mtwara au Lindi. Kwenye picha ya masika, shamba kuukuu la mikorosho, ambalo matawi yake yameshagusana, ni kijani sawa na miombo iliyo jirani yake. Msomaji makini hutafuta picha ya kiangazi: miombo imepukutika na kuwa kahawia, lakini mikorosho bado ina majani, vichwa vya duara vya kijani kilichokolea, na mara nyingi mistari ya upandaji bado inaonekana. Lakini shamba likiwa limetelekezwa, miti ya asili imeota katikati ya mistari, na mistari imepotea. Hapo tumesimama na kifaa cha GPS mkononi, mzee mwenye shamba akituonyesha mkorosho mmoja baada ya mwingine ndani ya kile ambacho wote wawili ofisini tulikuwa tumekiandika "msitu". Ardhi ilikuwa na mwenyewe, na mavuno yalikuwa yakiokotwa kila msimu.

Ukienda porini, kumbuka kwamba GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa hukosea zaidi. Kwa pikseli ya mita 10, kosa hilo linatosha kukuweka kwenye pikseli ya jirani. Andika unachokiona ulipo na unachokiona pande zote nne, kisha piga picha kuelekea kila upande.

Jedwali la mkanganyiko husomwaje?

Ni jedwali linalolinganisha kile ramani inachosema na kile kilichopo kweli, nukta kwa nukta. Tuchukue wilaya ya kubuni yenye hekta 500,000, ambayo kila aina kwenye ramani yake imepewa nukta 100 za nasibu:

| Ramani inasema | Ni msitu kweli | Ni shamba kweli | Ni vichaka au nyasi kweli |
|---|---|---|---|
| Msitu, hekta 200,000 | 80 | 8 | 12 |
| Shamba, hekta 100,000 | 5 | 75 | 20 |
| Vichaka na nyasi, hekta 200,000 | 10 | 25 | 65 |

Ukipima kwa uzito wa maeneo, usahihi wa jumla ni asilimia 73. Namba hiyo peke yake haikusaidii sana. Soma mstari wa shamba kwa mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia: kati ya nukta 100 ambazo ramani imeziita shamba, 75 ni shamba kweli. Huo ni usahihi wa mtumiaji, yaani anayeichukua ramani na kwenda mahali palipopakwa rangi ya shamba atakuta shamba mara tatu kati ya nne. Sasa soma safu ya shamba kwenda chini, huku ukiipa kila namba uzito wa eneo lake. Utakuta kwamba kati ya mashamba yote yaliyopo kweli wilayani, ramani imeyaona asilimia 53 tu. Huo ni usahihi wa mtengenezaji. Karibu nusu ya mashamba yamefichwa, mengi yake ndani ya rangi ya vichaka na nyasi, yawezekana ni mashamba madogo ya mtama au yaliyopumzishwa.

Kwa afisa kilimo anayepanga kugawa mbegu, kosa la kuacha, yaani shamba lililopo ambalo ramani haikuliona, ndilo linaloumiza. Kwa anayetafuta mahali pa kutembelea mashamba, kosa la kuingiza, yaani ramani kuita shamba kisicho shamba, ndilo la kuogopwa. Ramani ni ileile, lakini kufaa kwake kunategemea swali ulilonalo, ndiyo maana hatukubali ripoti yenye namba moja bila jedwali lake.

Je, naweza kuhesabu pikseli za shamba na kutangaza hizo ndizo hekta za mashamba?

Tafadhali usifanye hivyo. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi katika mipango ya wilaya, na ndilo lenye gharama kubwa.

Rudi kwenye jedwali. Kuhesabu pikseli kunakupa hekta 100,000 za mashamba. Lakini jedwali linaonyesha kwamba asilimia 8 ya msitu wa ramani ni shamba, nazo ni hekta 16,000. Asilimia 75 ya shamba la ramani ni shamba kweli, hekta 75,000. Na asilimia 25 ya vichaka na nyasi ni shamba, hekta 50,000. Jumla ni hekta 141,000. Kwa nukta tulizo nazo, kadirio hilo lina kosa la takribani hekta 22,000 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, kwa hiyo mashamba yako kati ya hekta 119,000 na 163,000. Angalia kwamba hekta 100,000 za ramani haziingii hata ndani ya upana huo. Msitu nao unashuka kutoka 200,000 hadi 185,000, na vichaka na nyasi kutoka 200,000 hadi 174,000.

Njia hii ilipangwa vizuri na Pontus Olofsson na wenzake katika makala ya mwongozo ya mwaka 2014, na hesabu yake inafanyika kwenye jedwali la kawaida la kompyuta. Ramani inakuonyesha mahali, na sampuli inakupa kiasi. Ukizitumia pamoja, zote mbili hufaa kuliko kila moja ikiwa peke yake.

Kuna kiwango cha kufaulu? Nimesikia asilimia 85.

Asilimia 85 ilitajwa mwaka 1976 na James Anderson na wenzake walipokuwa wakipanga mfumo wa uainishaji wa ardhi wa Marekani. Haikukusudiwa kuwa alama ya kufaulu kwa kila ramani duniani. Ramani ya maji na nchi kavu yenye asilimia 85 ni mbovu; ramani ya aina kumi na mbili za uoto wa nyika yenye asilimia 75 huenda ni kazi nzuri.

Na Kappa?

Ni kipimo cha makubaliano kinachojaribu kuondoa yale yanayotokea kwa bahati tu, alichokitunga Jacob Cohen mwaka 1960, kikaja kupendwa sana na watengeneza ramani. Robert Pontius na Marco Millones walionyesha mwaka 2011 kwamba hakiongezi lolote la maana juu ya jedwali lenyewe na mara nyingi hupotosha. Sisi hatukiandiki tena, wala hatuwadai wanafunzi wakiandike.

Siku hizi kuna ramani za bure za dunia nzima. Bado kuna haja ya kukagua zetu?

Ipo, na hata hizo za bure zikaguliwe kabla ya kutumika kwenu. Ramani ya WorldCover ya Shirika la Anga la Ulaya ina pikseli za mita 10, na ya mwaka 2021 ilikadiriwa kuwa na usahihi wa jumla wa asilimia 76.7. Hiyo ni ya dunia nzima, jangwa la Sahara na misitu ya Kongo vikiwa vimejumlishwa humo, kwa hiyo haikuelezi chochote kuhusu Tunduru au Kilosa. Maeneo rahisi huipandisha namba, na maeneo yenye mseto wa miti, nyasi na mashamba madogo huwa chini yake. Ramani ya bure si kitu cha kudharauliwa. Iwekwe tu kwenye mizani ya eneo lako kwa nukta za eneo lako.

Kwa nini ramani mbili za mwaka mmoja zinatofautiana kuhusu msitu, na kila moja inadai usahihi mzuri?

Mara nyingi kwa sababu hazizungumzii kitu kimoja. FAO huita msitu eneo la angalau hekta 0.5 lenye miti inayofikia mita 5 na kivuli cha zaidi ya asilimia 10. Tanzania, katika hesabu zake za MKUHUMI (mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji miti na uharibifu wa misitu), ilichukua hekta 0.5, asilimia 10 na mita 3. Kenya ilichukua hekta 0.5, asilimia 15 na mita 2. WorldCover haina msitu kabisa. Ina "ufuniko wa miti", na humo mkorosho, mkarafuu na mnazi vinaingia. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu ramani, nukta za uhakiki zisomwe kwa maana ileile iliyotumiwa na ramani. Vinginevyo utakuwa umepima tofauti ya lugha na kuiita kosa.

Nina ramani ya mwaka 2010 na ya mwaka 2020. Nikitoa moja kwenye nyingine, si ndiyo ukataji wa miti?

Si hivyo. Ikiwa kila ramani ina usahihi wa asilimia 80 na makosa yake hayahusiani, pikseli zilizo sahihi kwenye ramani zote mbili ni asilimia 64 tu. Katika miaka kumi sehemu ndogo ya ardhi hubadilika, kwa hiyo mabadiliko ya uongo yanaweza kuyazidi ya kweli. Mabadiliko yanahitaji nukta zake, kila moja isomwe kwa tarehe zote mbili. Hapo matabaka huleta mtego wa pekee: ikiwa tabaka la "msitu usiobadilika" lina hekta milioni 3 na umelipa nukta 500, nukta moja tu iliyokatwa ndani yake inawakilisha hekta 6,000. Ongeza nukta katika tabaka hilo, hasa pembezoni mwa maeneo yaliyokatwa.

Kosa la ramani linamgusaje mkulima wa kawaida?

Chukua kahawa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakusudia kuzuia kuingizwa kwa kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Sasa fikiria kihamba cha Mchagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro: kahawa chini, migomba juu yake, na miti mikubwa juu ya yote. Kutoka angani kinafanana na msitu. Ramani ya mwaka 2020 ikikiita msitu, na mwenye kihamba akapunguza matawi au akang'oa kahawa kuukuu ili apande upya, anaweza kuonekana amefyeka msitu ambao haukuwahi kuwepo katika maisha ya babu yake. Kwa mtu huyo, kosa la kuingiza kwenye tabaka la msitu si asilimia katika jedwali; ni mzigo wake kukataliwa. Vyama vya ushirika vinavyokusanya alama za mipaka ya mashamba vinafanya vizuri kuhifadhi pia picha za ardhini zenye tarehe.

Wanakijiji wana nafasi gani katika kazi hii?

Kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kamati ya maliasili inajua shamba lipi lilipumzishwa lini, na kichaka kipi kilikuwa kijiji kabla ya watu kuhamishwa. Lakini wasiulizwe "ramani hii ni sawa?", maana mgeni aliyekuja na ramani hupewa heshima na huitikiwa. Wapelekwe kwenye nukta, waulizwe hapa pana nini na palikuwa na nini mwaka fulani, na majibu yaandikwe kabla ramani haijafunguliwa.

Ripoti ya uhakiki iwe na nini ili niikubali?

Iwe na maana ya kila aina, tarehe za picha, namna nukta zilivyochaguliwa, nani aliyezisoma na walitofautiana mara ngapi, jedwali zima pamoja na eneo la kila tabaka, na makadirio ya hekta yakiwa na upana wa kosa lake. Pia iambatane na faili la nukta zenyewe. Mtengenezaji akisita kutoa faili hilo, irudishe ramani kabla hujaisainia.

Nimeona kosa dhahiri kwenye eneo langu. Nilirekebishe kwa mkono?

Unaweza, lakini usirekebishe kwa kutumia nukta za uhakiki, kwani zikishatumika kuitengeneza ramani haziwezi kuipima tena. Rekebisha kwa taarifa nyingine, ipe ramani namba mpya ya toleo, kisha ikadirie upya: nukta za zamani zinaweza kubaki, mradi uzito wake uendelee kufuata matabaka ya ramani iliyozichagua.